Stesheni ni ya bure, sasa mbona nisiipeperushe kwa ukurasa wangu?

1/
Kila mdahalo wa siasa ukifika kwa mambo ya vyombo vya habari, lazima mtu ataamka aseme: "Habari ni za wananchi! Mtu yeyote aachwe apeperushe stesheni yoyote mtandaoni." Watu wanapiga makofi. Hata mimi nilikuwa napiga. Leo tuifungue hiyo kauli polepole, kwa sababu imebeba mambo mawili kwa mkupuo: moja ni kweli, lingine si kweli. Kama kawaida, hapa hatutaji mwanasiasa wala chama.

2/
Nianze na 25 Juni 2025. Nilikuwa kwa kinyozi pale Noonkopir, Kitengela. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa nusu mlango, sisi macho kwa runinga tukiangalia maandamano. Ghafla skrini ikawa nyeusi. Kinyozi akagonga dikoda na kiganja, akachomoa waya, akarudisha. Wapi! Jamaa mmoja kwenye benchi akasema, "Usisumbuke, hata ile ingine imeenda." Tukatoa simu. Kwa YouTube, stesheni zilikuwa bado ziko hewani.

3/
Kilichotokea ni hiki. Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imetoa agizo kwamba runinga na redio zisipeperushe maandamano moja kwa moja. Stesheni hazikutii, mitambo ya baadhi yao ikazimwa. Siku hiyo hiyo Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo na kuamuru matangazo yarudishwe. Shikilieni hii picha, tutairudia.

4/
Sasa, nina binamu yangu Kajiado mjini, kama kilomita 50 kutoka kwetu. Ana ukurasa wake kwenye mtandao mmoja mkubwa wa kijamii. Siku hiyo alichukua stesheni nzima kutoka YouTube akaipeperusha laivu kwake. Watu walimiminika. Wengine walimwandikia, "Mungu akubariki, huku kwetu giza." Hakuna aliyemfungia. Na nadhani hapo ndipo alipopotelea.

5/
Kwa sababu hakuacha. Ikawa kila jioni anarusha taarifa za saa moja, mwanzo hadi mwisho. Wikendi anarusha mechi kutoka chaneli ya kulipia. Nembo yake imewekwa juu ya nembo ya stesheni, na chini kuna tangazo la duka la vifaa vya ujenzi. Mwezi wa nane akaamka akapata ukurasa haupo. Akanipigia: "Wewe si ndiye unasomea siasa? Serikali imenifungia."

6/
Nikamwambia anitumie ujumbe aliopata. Nikausoma mara mbili. Haukutoka kwa serikali. Ulisema mwenye matangazo amelalamika mara kadhaa kuhusu hakimiliki. Nikamweleza. Akanijibu, "Tofauti iko wapi? Kufungwa ni kufungwa."

Hilo swali ndilo limenifanya niandike uzi huu. Tofauti ipo, na ni kubwa.

7/
Tuanze na sheria. Kenya tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Wengi wanadhani hakimiliki ni ya wimbo, kitabu au filamu tu. Hapana. Sheria inayatambua matangazo ya runinga na redio kama kitu chenye hakimiliki yake. Kifungu cha 29 kinampa mwenye matangazo haki ya kudhibiti mambo matatu: kuyarekodi, kuyarusha upya, na kuyafikisha kwa umma, yawe yote au sehemu kubwa.

8/
Kinga hiyo inadumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ambao matangazo yalirushwa. Kwa hivyo taarifa ya jana haijawa mali ya kila mtu leo eti kwa sababu imeshapita. Na KBC? Ndiyo, ni shirika la umma. Lakini kifungu hicho hakisemi kinalinda stesheni za watu binafsi pekee.

9/
"Lakini ni ya bure!" Haya, hapa ndipo mdahalo huteleza. Bure inamaanisha hulipi kutazama. Haimaanishi umepewa ruhusa ya kuigawa. Sisi wa Kitengela tunajua maneno ya maji. Jirani mwenye kisima akisema njooni mchote bure, asante sana. Lakini ukienda usiku ukaunganisha bomba lako, ukaweka kibao chenye jina lako na kuuzia watu kwa mtungi, huwezi kusema "si alisema ni bure?"

10/
Tena mara nyingi stesheni yenyewe haimiliki kila kitu inachorusha. Muziki una wenyewe, filamu ina wenyewe, mechi ina wenyewe. Stesheni inaweza kuwa imenunua haki ya kuonyesha kwa runinga, Kenya tu, mtandao haumo. Ushawahi kuona stesheni ikikatiza matangazo yake yenyewe ya YouTube mechi ikianza? Mara nyingi sababu ni hiyo. Sasa kama mwenye stesheni amezuiwa, binamu yangu wa Kajiado angeipata wapi hiyo ruhusa?

11/
Sasa nitaleta kesi ambayo watu huitumia kubisha, na wanaoitumia hawajakosea kabisa. Mnakumbuka vita vya kuhamia dijitali? Royal Media, Nation na Standard zilienda kortini. Moja ya malalamiko yao: StarTimes na GOtv, wenye ving'amuzi vya kulipia, walikuwa wanabeba Citizen, NTV na KTN bila idhini. Yaani swali letu lile lile: unaweza kurusha stesheni ya mwenzako bila kumuuliza?

12/
Kesi ilipanda ngazi zote. Mahakama Kuu, Desemba 2013: vyombo vya habari vikashindwa. Mahakama ya Rufaa, Machi 2014: vikashinda, majaji wakasema hakimiliki imekiukwa. Mahakama ya Juu, 29 Septemba 2014: ikapindua tena. Ikasema kubeba zile stesheni za bure hakukuvunja hakimiliki.

13/
Mtu akisoma hapo tu, anaruka juu: "Mnaona? Mahakama ya Juu ilisema ni sawa!" Tulia kwanza. Mahakama iliegemea kanuni za utangazaji za 2009, zile za "lazima ubebe". Kwa kanuni hizo, Mamlaka inaweza kumlazimisha mwenye leseni ya huduma ya kulipia atenge nafasi ya stesheni za bure za Kenya, ili mwananchi asikose habari kwa sababu amenunua king'amuzi fulani. Mahakama ikaona kuna maslahi ya umma, na matumizi hayo ni ya haki.

14/
Kwa hivyo ruhusa ile ilikuwa na mipaka yake. Ilihusu kampuni yenye leseni, iliyo chini ya kanuni na inayosimamiwa. Haikusema mtu yeyote mwenye simu na bando sasa ni mrushaji. Ukiitaja kesi hii kwa mdahalo, itaje yote.

15/
Na msidhani yale yalikuwa mabishano ya mawakili tu. Februari 2015 mitambo ya analogi ilipozimwa, stesheni za hayo makampuni matatu hazikuwa hewani kwa karibu siku 20. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka nyumbani tulikuwa tunaangalia katuni za lugha tusizozijua. Kumbe wakubwa walikuwa wanapigania swali la nani ana haki ya kubeba matangazo ya nani.

16/
Na mtandao je? Wenzetu walishapita hapo. Uingereza kulikuwa na huduma inaitwa TVCatchup, ilikuwa inarusha stesheni za bure kwa intaneti, na mtazamaji alitakiwa awe mtu ambaye tayari ana haki ya kuzitazama kwa runinga. Machi 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema: kurusha upya kwa njia nyingine ya kiufundi ni kufikisha kwa umma kwa mara nyingine, kunahitaji idhini. Haijalishi kwamba watu hao wangeona kwa antena zao.

17/
Marekani kulikuwa na Aereo. Hawa walikuwa wajanja. Walijenga antena ndogondogo maelfu, kila mteja na yake, ili waseme "sisi haturushi, tunakodisha antena tu." Mahakama ya Juu ya Marekani, 25 Juni 2014, majaji sita kwa watatu, ikasema hapana, hiyo ni kurusha kwa umma. Kampuni ikafunga huduma. Maamuzi hayo hayafungi korti zetu, lakini yanaonyesha hoja ya "ni bure hata hivyo" ilishapimwa kwingine ikashindwa.

18/
Turudi nyumbani. Mwaka 2019 Bunge liliongeza vifungu vipya kwa Sheria ya Hakimiliki, 35A hadi 35D. Mwenye haki anaweza kumtumia mtoa huduma za intaneti notisi ya kuondoa. Mtoa huduma anatakiwa kumjulisha aliyeweka hizo picha, na asipopata notisi ya kujibu, azuie ndani ya saa 48 za kazi.

Ndiyo, soma tena: notisi ya KUJIBU. Unaweza kujitetea. Binamu yangu hakujua kwamba kuna kitu kama hicho.

19/
Vifungu hivyo vilijaribiwa haraka. MultiChoice Kenya ilizitaka Safaricom na Jamii Telecommunications zifunge tovuti zilizokuwa zinaonyesha michezo kwa wizi. Kampuni za intaneti zikapinga, mambo yakaenda Mahakama Kuu. Mwaka 2022 mahakama ikaamuru tovuti hizo zifungwe. Tangu hapo, kuzuia tovuti kwa ajili ya hakimiliki si jambo la kinadharia tena Kenya.

20/
Sasa rudisheni ile picha ya kinyozi.

Wakati ule mwenye stesheni hakusema hapana. Yeye alikuwa anataka tuone, ndiyo maana aliendelea YouTube. Aliyesema hapana ni dola. Hapo hatuko kwa Sheria ya Hakimiliki kabisa. Tuko kwa Katiba: kifungu cha 33, uhuru wa kujieleza, cha 34, ambacho kinaikataza serikali kudhibiti au kuingilia watangazaji, na cha 35, haki ya kupata habari.

21/
Na haikuwa mara ya kwanza. 30 Januari 2018, siku ya ile hafla ya kisiasa ya Uhuru Park, stesheni kubwa zilizimwa. Mahakama Kuu iliamuru zirudishwe 1 Februari, lakini zilikaa siku zaidi kabla ya kurudi. Watu walifuata mtandaoni, kama tulivyofanya Noonkopir.

22/
Kwa hivyo mdahalo ukianza, kabla hujapiga makofi, uliza swali moja: NANI amesema hapana?

Kama ni mwenye matangazo, hilo ni suala la mali yake. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 40(5), inaiagiza serikali ilinde mali ya ubunifu.

Kama ni serikali, hilo ni suala la uhuru wako. Ni serikali inayotakiwa kueleza ni sheria gani inaipa nguvu hizo, na korti inaweza kuipima.

23/
Kwa nini nakazania hii tofauti? Kwa sababu ukizichanganya unaumia pande zote mbili. Mwizi wa mechi anajifunika na bendera ya uhuru wa habari. Na siku serikali ikizima habari kweli, watu wanasema, "Aah, ni mambo ya leseni na hakimiliki tu hayo." Kila upande unapata mahali pa kujificha.

24/
Kuna hatari nyingine. Bomba la kuzuia ni lile lile. Mtandao ukishazoea kufunga tovuti kwa notisi, mwenye nguvu atatamani kulitumia kwa mambo mengine. Oktoba 2025 marekebisho ya sheria ya makosa ya kompyuta yalitiwa saini, na moja ya mambo yaliyomo ni kuipa kamati ya taifa uwezo wa kuagiza tovuti inayoendeleza shughuli haramu isifikike. Si lazima uwe mfuasi wa upande wowote kuuliza: haramu kwa kipimo cha nani, na nani anaangalia kabla mlango haujafungwa?

25/
Pia kuna wale wanaotumia hakimiliki kuficha aibu. Kiongozi amesema jambo kwa runinga, umekata sekunde 40 ukaeleza kwa nini si kweli, halafu unapigwa notisi. Hapo una haki zako. Sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa kukosoa, kuchambua na kuripoti mambo ya sasa, mradi utaje chanzo. Na kutuma notisi ya uongo au kwa nia mbaya ni kosa la jinai, vifungu vile vile vya 2019 vinasema hivyo.

26/
Basi kwa ufupi, kwa sisi wenye kurasa ndogo:

– Kutuma linki ya matangazo ya stesheni yenyewe: ndiyo njia salama. Watazamaji wanaenda kwa mwenyewe.
– Kipande kifupi, na uchambuzi wako, na chanzo: una hoja nzuri ya matumizi ya haki.
– Taarifa nzima, nembo imefunikwa, matangazo ya biashara juu yake: huna hoja.
– Mechi ya chaneli ya kulipia: hata usijaribu kunishawishi.
– Unataka kurusha yote kihalali? Omba idhini kwa maandishi.

27/
Na ile laivu ya 25 Juni? Nimeulizwa sana. Kwa herufi ya sheria, stesheni ilikuwa bado na haki yake hata siku hiyo. Lakini haki ya mwenyewe ni yake kuitumia au kuiacha, na siku ambayo alikuwa anahangaika asikike, hakulalamika. Kutolalamika siku moja si ruhusa ya mwaka mzima. Binamu yangu aliichukulia kama ruhusa ya mwaka mzima.

28/
Kilichoniuma si zile mechi. Kwenye ule ukurasa kulikuwa na karibu miaka mitatu ya kazi yake mwenyewe. Vikao vya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti. Baraza za chifu. Kina mama wakiuliza kwa nini bomba limekauka na mradi umeandikwa umekamilika. Stesheni kubwa haziji kurekodi hayo. Alikuwa peke yake pale na simu yake. Vyote vilienda na mechi za watu, na hakuwa ameweka nakala popote.

29/
Nikamkumbusha kitu. Mwanzoni mwa mwaka huo huo, ukurasa mwingine mkubwa ulichukua video yake ya kikao cha bajeti, ukafuta jina lake na kuirusha kama yao. Aliwaka siku tatu. Alikuwa ananiuliza, "Hawa watu hawana haya? Mimi ndiye nilisimama jua lote!" Nikamwambia: kaka, ile hasira yako ndiyo hakimiliki. Ile video ilikuwa yako tangu ulipoirekodi, bila hata kuisajili popote. Na yule wa stesheni naye kuna mtu wake alisimama juani.

30/
Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Sawa, lakini wangeniondolea mechi, waniachie vikao." Na hapo nakubaliana naye mia kwa mia. Sheria yetu inazungumzia kuondoa kile kilicholalamikiwa. Jukwaa lenyewe, kwa masharti yake, lilifuta kila kitu. Kama kuna jambo wanasiasa wetu wangelijadili kwa maana, ni hili: adhabu ilingane na kosa, na mtu apewe nafasi ya kuchukua kazi yake kabla mlango haujafungwa.

31/
Amefungua ukurasa mpya. Wafuasi ni wachache. Wiki iliyopita alirusha kikao kimoja cha wadi, saa mbili na nusu, sauti inakatika kwa sababu ya upepo. Niliangalia chote. Hakuna nembo ya mtu pale, ni yake, na video ameiweka mahali pengine pawili.

32/
Mwisho wa uzi. Kama ushawahi kufungiwa ukurasa, niambie hapo chini: nani alisema hapana, mwenye mali au serikali? Na je, ulijibu ile notisi? Uzi ujao nitaeleza ushiriki wa umma kwenye bajeti ya kaunti, kwa nini kikao kinaitishwa siku ya kazi saa tatu asubuhi, na unaweza kufanya nini kama hukupata nafasi ya kwenda.